Taa ya mbalamwezi kwenye tangi la samaki: jinsi ya kuichagua, kuipunguza na kuifunga ukiwa Arusha au Moshi

Katika sebule nyingi za Arusha na Moshi zenye tangi la samaki wa mapambo, utakuta mkanda wa LED wa buluu umezungushwa kwenye kifuniko chote, umewashwa tangu magharibi, na maji yanameremeta kama ukumbi wa harusi. Wageni wanasifia. Asubuhi bado unawaka. Muuzaji aliuita "mbalamwezi", lakini samaki waliomo humo hawajaona usiku tangu siku ulipofungwa.

Taa ya mbalamwezi inafaa, nami naipenda kwa dhati. Hukuwezesha kuwatazama samaki wakijiandaa kulala, hukuonyesha kambale na wenzake wanaotoka mafichoni gizani, na huwaepusha samaki na mshtuko wa taa kubwa kuzimika ghafla. Masharti yake ni mawili: iwe hafifu kuliko unavyofikiri, na izimwe kabla usiku haujawa mkubwa. Rangi, umbo na bei vinafuata baada ya hapo.

Anza kwa kuutazama mwezi wenyewe

Mwanga hupimwa kwa luksi. Jua la mchana hufika luksi 100,000. Sebule iliyowashwa taa usiku ina luksi 50 hadi 150 hivi. Mwezi mpevu ukiwa utosini na anga ni safi hutoa takriban luksi 0.3 tu, na mara nyingi huwa chini ya hapo. Nusu mwezi haitoi nusu ya mwanga huo, bali karibu sehemu moja ya kumi.

Usiziamini namba peke yake. Angalia kalenda ya Kiislamu, subiri tarehe 14 au 15, kisha saa tatu usiku toka nje mahali pasipo na taa ya ukutani. Ukiwa Moshi na mawingu yamefunguka, utaiona theluji ya Kibo. Waongozaji wanaopandisha wageni mlimani wanaufahamu vizuri mwanga huu, kwa kuwa usiku wa mwezi mpevu njia ya kuelekea kileleni huonekana hata tochi ikizimwa. Kaa nje robo saa, macho yazoee. Utaviona vidole vyako na njia ya kwenda getini, ila gazeti litakushinda kusoma. Kiasi hicho cha mwanga ndicho tunachokitafuta ndani ya tangi.

Sasa tupige hesabu. Tangi la kawaida la nyumbani lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30 lina uso wa maji wa mita za mraba 0.18. Ili uso huo upate luksi 0.3, taa inatakiwa kutoa kama lumeni 0.05 (lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye taa). Mkanda wa LED unaouzwa madukani hutoa mamia ya lumeni kwa mita moja. Ukikata kipande kidogo kabisa kinachowezekana, chenye vijitaa 3, na nusu tu ya mwanga wake ikafika majini, bado utakuwa umeuzidi mwezi mpevu mara nyingi sana. Ndiyo maana kazi kubwa katika mwongozo huu ni ya kupunguza.

Kwa nini samaki anajali

Samaki hawana kope, lakini wanalala. Giza likiingia, mwili wa samaki hutoa melatonini, homoni ileile inayoufahamisha mwili wa binadamu kwamba ni usiku, na mwanga ukiwapo homoni hiyo hupungua. Samaki wa mchana anayekosa giza hukaa macho, hufukuzana na wenzake na huchoka. Dalili utaziona waziwazi: gapi ambao kwa kawaida hutulia karibu na mchanga bado wanazunguka juu saa sita za usiku, mbuna, samaki wa miamba wa Ziwa Nyasa, bado wanagombea mawe, neoni, wale wadogo wenye mstari unaong'aa, hawafifishi rangi. Neoni anayelala hupauka mpaka mgeni akadhani anaumwa. Ukiona amepauka usiku na asubuhi mng'ao umerudi, mambo ni mazuri.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Tanganyika wanalijua hili kwa njia yao. Huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu wengi hupumzisha mitumbwi, kwa sababu taa zao hazivuti tena kama usiku wa giza. Mwanga mdogo namna ile unaweza kubadilisha mwenendo wa viumbe wa ziwa zima. Tangi la lita 80 ndilo litasalimika?

Hatua ya kwanza: kagua mwanga ulio tayari chumbani

Kabla hujanunua chochote, zima taa zote za ndani saa nne usiku, vuta kiti mbele ya tangi, ukae dakika ishirini. Huenda ukagundua kwamba mbalamwezi unayo tayari. Taa ya ulinzi ya nje ikipenya pazia jepesi, au ya jirani ng'ambo ya ukuta, inatosha kabisa kuuzidi mwezi. Ongeza kitaa cha king'amuzi, cha ruta ya intaneti na kile chekundu cha hita. Hita yenyewe wenzetu wa Arusha hawaikwepi Juni na Julai, kwa hiyo hicho kitaa chekundu kipo nyumba nyingi.

Kama baada ya dakika ishirini unawaona samaki vizuri, huhitaji taa. Unachohitaji ni pazia zito, au kulihamishia tangi ukuta mwingine. Naona hatua hii inarukwa mno, na hugharimu muda wako tu.

Hatua ya pili: amua rangi

Mwanga wa mwezi ni wa jua ulioakisiwa. Kwa kipimo una joto la rangi la Kelvini 4,100 hivi, yaani mweupe unaoelekea kidogo kwenye umanjano. Ubuluu tunaouona unatokana na macho yetu: mwanga ukipungua sana, uwezo wa kuona wekundu hutangulia kupotea, na rangi za buluu hubaki zikionekana ang'avu kuliko nyingine. Mwanasayansi Mcheki Jan Purkinje alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19.

Wauzaji watakuambia buluu ndiyo rangi ya kilindini. Kwa bahari na ziwa refu ni kweli, maana maji humeza nyekundu kwanza na kuiachia buluu ishuke. Kwenye tangi lenye kina cha sentimita 40 hoja hiyo haina uzito.

Ushauri wangu ni LED nyeupe ya kawaida, ya Kelvini 4,000 hivi, iliyopunguzwa sana. Macho yako yenyewe yataitia ubuluu. Kwa wenye goldifishi au moli wa chungwa nasisitiza zaidi, kwa sababu chini ya taa ya buluu tupu samaki mwekundu au wa chungwa hugeuka mweusi. Utakuwa umelipia taa ya kuficha uzuri wa samaki wako. Buluu ya nanomita 450 hadi 470 inawapendeza wachache, mfano mzuri ni demasoni, mbuna mwenye milia ya buluu na nyeusi anayetoka kwenye miamba ya Pombo, upande wetu wa Ziwa Nyasa. Ukiichagua, kumbuka kwamba mwani nao huitumia buluu vizuri sana kukua. Taa ya buluu kali ya usiku kucha itakulipa vioo vya kijani.

Taa za kubadilisha rangi kwa rimoti ziache. Mtoto akiishika rimoti, samaki watapita kwenye nyekundu, kijani na kumetameta ndani ya dakika moja.

Hatua ya tatu: chagua umbo la taa

Uamuzi huu wengi hawaujui, na ndio unaobadilisha mwonekano wote. Mwezi angani ni mdogo. Mwanga wake hutoka kama kwenye nukta moja. Taa ya nukta moja ikipita kwenye uso wa maji unaotikiswa na pampu ya hewa, hutengeneza mistari ya mwanga inayocheza juu ya mchanga na mgongoni mwa samaki. Mkanda mrefu huangaza kutoka kila upande, vivuli vinafutika, na tangi linabaki na weupe wa bapa usio na uhai.

Kwa hiyo tafuta LED moja, siyo mkanda. Tangi la sentimita 60 linatosheka na moja; la mita moja na robo litahitaji mbili. Ifunge upande mmoja, kushoto au kulia, isiwe katikati. Upande wa pili utabaki na giza, na samaki anayetaka kujitenga atapata pa kwenda. Mawe na mapango yawe mengi upande huo wa giza.

Taa za kuzama majini zenye vikombe vya kunata kioo zinapatikana, ila nyingi ni kali na zinampiga samaki machoni kutoka pembeni, wakati mwezi humulika kutoka juu. Mimi naweka taa juu ya kifuniko cha kioo, nje ya maji kabisa.

Hatua ya nne: ipunguze

Kama hupendi kushika waya, nunua taa ndogo ya USB yenye LED moja, kisha ifunike kwa foili ya jikoni iliyokunjwa mara mbili na kutobolewa kwa sindano. Ongeza tundu mojamoja mpaka uridhike. Ni njia ya bei rahisi na inafanya kazi. Dima za kuzungusha, yaani swichi za kupunguza mwanga, zinazouzwa pamoja na mikanda ya LED mara nyingi haziteremki vya kutosha. Hata ukiirudisha mpaka mwisho, taa bado ni kali.

Njia bora ni ya rizista, kijipande cha kupunguza mkondo wa umeme, na fundi redio au fundi simu yeyote, kuanzia Kilombero ya Arusha mpaka Mbuyuni ya Moshi, atakufungia muda mfupi tu. Mwambie hivi: LED moja nyeupe ya milimita 5, rizista ya kilo-omu 10, na adapta ya volti 12. Rizista ya pete nne ya kiasi hicho ina kahawia, nyeusi, chungwa, na ya mwisho kwa kawaida dhahabu. Zenye pete tano zina mpangilio mwingine, basi apime kwa mita. Rizista inaungwa kwenye mguu mrefu wa LED, ambao ni chanya, halafu viungo vyote vinavikwa mpira wa kuzuia shoti.

Kinachotokea ni hiki. LED nyeupe hutumia volti 3 hivi, zinabaki 9. Volti 9 kupitia omu 10,000 zinapitisha mkondo wa miliampea 0.9, ilhali LED hiyo imetengenezwa kubeba 20. Itawaka kwa mwanga mdogo sana, bila joto lolote, na itadumu miaka. Ukiona bado ni kali, fundi aweke kilo-omu 22 badala ya 10. Ukiona ni hafifu mno, subiri kwanza usiku wa pili kabla ya kubadili, maana mara nyingi ni macho yaliyotoka kwenye televisheni.

Kipimo cha kumalizia ni hiki. Zima kila kitu, kaa dakika ishirini, fungua gazeti kandokando ya kioo cha tangi. Ukisoma habari zenyewe, taa ni kali. Ukisoma vichwa vya habari tu, umekaribia. Kwa taa nyeupe kuna kipimo cha pili kizuri zaidi: mtazame samaki mwekundu. Wekundu wake ukionekana sawasawa, punguza. Katika mwanga wa kweli wa mwezi, macho yetu karibu hayaoni rangi. Programu za simu za kupima mwanga usizitegemee hapa. Chini ya luksi 1 nyingi husoma sifuri au hubahatisha.

Hatua ya tano: umeme na maji

Kamwe usiweke taa ya volti 230 juu ya tangi lililo wazi. Kinachofika karibu na maji kiwe volti 12 au 5, na adapta ikae mbali, juu kuliko uso wa maji ikiwezekana. Soma maandishi ya adapta: pale pa kuingizia umeme paandikwe 100–240V, ili umeme ukipungua jioni, watu wote mtaani wanapopika, taa isitetereke.

Waya unaotoka kwenye tangi uache ulegee, ushuke chini ya kiwango cha soketi, ndipo upande kuelekea kwenye plagi. Tone la maji likitiririka kwenye waya litadondokea sakafuni kwenye sehemu iliyoning'inia, halitaingia kwenye soketi. Ekstensheni isilale sakafuni chini ya tangi, ifunge ukutani.

Ukinunua taa iliyotengenezwa tayari, tafuta alama ya IP. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji: 5 inavumilia kurushiwa maji, 7 inavumilia kuzama hadi mita 1 kwa nusu saa, 8 ndiyo ya kukaa majini. Kwa taa ya juu ya kifuniko IP65 inatosha. Ya ndani ya maji lazima iwe IP68, na kama haikuandikwa usiitumbukize.

Hatua ya sita: panga saa

Hapa kwetu, karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa kwa robo saa hivi. Samaki wengi tunaowafuga, wawe wa Nyasa, wa Tanganyika au wa Amazoni, asili yao ni nchi ambazo usiku na mchana havitofautiani sana. Wanahitaji usiku mrefu.

Ratiba ninayoipendekeza kwa familia inayorudi nyumbani jioni: taa kubwa iwake saa sita mchana, izimike saa mbili usiku. Mbalamwezi iwake saa moja na nusu, izimike saa nne na nusu. Ile nusu saa ya taa zote mbili ndiyo inayoondoa mshtuko, kwani kubwa ikizimika samaki hawatumbukii gizani ghafla na kujigonga kwenye kioo. Baada ya saa nne na nusu ni giza tupu mpaka alfajiri.

Taima nyingi husoma saa kwa mtindo wa 24, kwa hiyo saa moja na nusu usiku ni 19:30, na saa nne na nusu ni 22:30. Weka taima mbili, moja kwa kila taa.

Kwa wenye kambale, pleko au sinodonti wa Tanganyika, dondosha chakula chao cha kuzama dakika chache baada ya taa kubwa kuzimika. Ndipo utakapoona thamani ya taa hii: masharubu yanatangulia kwenye tundu la jiwe, yanapapasa mchanga, kisha kichwa, kisha samaki mzima ambaye mchana ungeapa hayumo.

Hatua ya saba: jiandae kwa kukatika kwa umeme

Taima za kuzungusha, zenye vipini vidogo vya robo saa pembeni, husimama umeme ukikatika. Ukikatika kwa muda wa saa nne, nazo zinachelewa kwa saa nne, na jioni hiyo taa kubwa itawaka mpaka saa sita usiku. Lipia zaidi kidogo upate ya dijitali yenye betri ndani; inaendelea kuhesabu hata gizani. Taa kubwa isiyo na taima kabisa ni hatari zaidi: umeme ukirudi saa tisa usiku na swichi ilikuwa imeachwa imewashwa, samaki waliolala wanapigwa na mwanga wote kwa mara moja, na wanaoruka utawakuta sakafuni asubuhi.

Umeme ukikatika jioni, hangaikia hewa kwanza. Samaki hafi kwa kukosa mbalamwezi. Lakini taa yetu hii ni rahisi kuilisha. Pawabanki haitafaa, kwa sababu nyingi hujizima zenyewe zikihisi mzigo mdogo, na miliampea 1 ni mzigo usiohisiwa. Tumia betri 3 ndogo za AA kwenye kikasha chake, na rizista ya kilo-omu 1.5 badala ya 10. Kwa saa tatu kila usiku betri hizo zitakaa miezi mingi. Wapo watakaoamua kuachana na adapta moja kwa moja, na sioni ubaya, mradi kuna mtu wa kukumbuka kuizima.

Kuhusu LUKU usiwe na hofu. Hata taa ya wati 1 ikiwaka saa nane kila usiku haimalizi robo ya uniti kwa mwezi.

Ukitaka kufuata mwezi wa angani

Baadhi ya samaki wa Ziwa Tanganyika hutaga kwa kufuata mwezi, hivyo wafugaji wanaotafuta vifaranga hupenda kuiga mzunguko wake wa siku 29 na nusu. Huhitaji mtambo. Washa taa kuanzia tarehe 10 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu, siku nyingine acha giza. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, kisha kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50, kwa hiyo kuanzia tarehe 16 unaweza kupanga taima iwashe taa kwa kuchelewa kidogo.

Kwa tangi la gapi na goldifishi sioni haja ya kwenda mbali hivyo. Waangalie tu kwa wiki mbili za kwanza, saa nne usiku na tena alfajiri kabla hujafungua pazia. Wakitulia chini na kupauka, acha ilivyo. Wakizurura, panda rizista moja juu, kama kutoka kilo-omu 10 hadi 22. Na ukiona mwanga umefifia baada ya miezi kadhaa, usimlaumu fundi kabla hujafuta kifuniko: maji yetu huacha ukungu mweupe wa chumvi kwenye kioo, na kitambaa chenye siki kidogo huuondoa.